Bunia: Nani atamwuliza mgonjwa wa tumbo anakula nini?

Asubuhi ya Bunia huanza na unga wa ngano. Saa kumi na mbili akina mama wamekwisha kuweka mafuta motoni, kandokando ya barabara kuu, sokoni na karibu na milango ya shule. Wengine wanakaanga mandazi, wengine wanageuza chapati, na vijana wanapita na mikate ndani ya mabeseni. Kwa wakaaji wengi wa mji, hicho ndicho chakula cha kwanza cha siku: chai, mkate, kisha kazi. Lakini wako watu ambao mkate huohuo unawaharibu utumbo kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, na hakuna aliyewahi kuwaambia.

Ugonjwa wao unaitwa seliaki. Hauambukizwi wala hauletwi na minyoo. Ndani ya ngano, shayiri na nafaka ya rai mna protini inayoitwa gluteni, ile inayofanya unga wa mkate uvutike unapokandwa. Kwa mtu mwenye seliaki, kinga ya mwili huiona gluteni kama adui, na katika kupigana nayo hushambulia ukuta wa utumbo mdogo. Vijinyweleo vya ukuta huo, ambavyo kazi yake ni kunyonya chakula, huchakaa na kulala. Mgonjwa anakula, lakini chakula kinapita tu bila kuujenga mwili.

Mtoto mwenye seliaki huharisha kwa miezi, tumbo linavimba, mikono na miguu inakonda, na urefu wake unasimama. Mtu mzima anaweza kuwa na damu pungufu isiyopona hata akimeza vidonge vya madini ya chuma, uchovu wa kila siku, vidonda vya mdomoni, mifupa dhaifu, au mimba zinazotoka mara kwa mara. Wengine hutokwa na vipele vya maji vinavyowasha sana kwenye viwiko, magoti na makalio. Na wako wagonjwa wasioharisha hata siku moja.

Kila moja ya dalili hizo ina jina lingine Bunia. Kuharisha huitwa amiba. Tumbo kuvimba huitwa minyoo. Mtoto aliyekonda huandikwa utapiamlo, na uchovu huwekwa kwenye malaria au tifoidi. Mara nyingi majina hayo ni ya kweli, maana magonjwa hayo yamejaa Ituri. Shida inaanza pale mgonjwa anapotibiwa mara ya tatu, ya nne na ya tano kwa jina lilelile, tumbo likiwa vilevile, na hakuna anayesimama kujiuliza kama jina hilo lilikuwa sahihi tangu mwanzo.

Daktari wa kwanza ni muuguzi

Mtu wa Ulaya anayeshuku ana seliaki hutafuta daktari wa familia anayeujua ugonjwa huo. Mkaaji wa Bunia anaambiwa atafute daktari gani? Hapa daktari wa familia hayuko. Baada ya mkutano wa Alma-Ata wa mwaka 1978 juu ya huduma za msingi za afya, nchi iliyoitwa wakati ule Zaire iligawanywa katika maeneo ya afya, na mpango huo ndio unaotumika hadi leo. Jimbo la Ituri lina maeneo ya afya 36. Kila eneo lina hospitali kuu ya rufaa, na chini yake viko vituo vya afya. Anayeongoza kituo ni muuguzi mkuu, yule ambaye karatasi za Kifaransa humwita "infirmier titulaire".

Muuguzi huyo ndiye anayempokea mgonjwa, anayemgusa tumbo, anayeamua dawa, na anayeamua kama mtu apelekwe juu au arudi nyumbani. Kwa maelfu ya watu wa kata yake, yeye ndiye daktari wa kwanza. Kwa hiyo swali la daktari anayeijua seliaki, likiulizwa Bunia, linakuwa swali la muuguzi: je, yeye amefundishwa nini juu ya tumbo lisilopona?

Amefundishwa mengi mazuri. Ana michoro ya kumwongoza: mtoto akiwa na homa, apimwe malaria, akiharisha, apewe maji yenye chumvi na sukari pamoja na zinki, akikonda, apimwe mkono kwa utepe. Kanuni hizo zimeokoa watoto wengi, na hakuna sababu ya kuzidharau. Lakini zilitungwa kwa magonjwa yanayokuja mbio na kuua mbio. Seliaki huja polepole. Inamkuta mtoto akiwa na miezi kadhaa, baada ya kuanza kupewa mkate, biskuti au uji uliochanganywa na ngano, na inamla bila kelele. Mchoro wa ugonjwa wa siku tatu hauna kisanduku cha ugonjwa wa miaka mitatu.

Njia ya mgonjwa wa namna hiyo inajulikana na kila familia ya Bunia. Kwanza ni farmasi ya mtaa, anapouziwa dawa ya amiba na dawa ya minyoo bila kupimwa. Kisha ni kituo cha afya. Kisha ni kipimo cha Widal, ambacho ni rahisi kupatikana, lakini hakiaminiki kikitumika peke yake, maana kinaweza kumwonyesha mtu ana tifoidi wakati hana. Anapewa antibiotiki. Anapata nafuu siku chache, au hapati. Anabadilisha kituo, na kituo kipya kinaanza upya, kwa sababu karatasi za zamani zimebaki nyumbani au zimepotea wakati wa kukimbia. Kila mzunguko unakula franka za ada ya shule na za chakula.

Pale jina la ugonjwa linapokosekana, jirani anapewa lawama

Kuna gharama nyingine ambayo haiandikwi kwenye fakitire. Mashariki mwa Kongo, tumbo linalouma kwa miezi huku mtu anakonda lina maelezo yaliyo tayari kabla ya daktari kusema neno: amepewa sumu. Kivu wanaiita karuho. Bunia wengi husema tu sumu. Aliyeshiriki chakula na mgonjwa anaanza kutazamwa kwa jicho baya. Mke wa pili, jirani aliyeleta sahani, shangazi mzee aliyekaribisha watoto, wote wanaingia kwenye orodha. Familia zimevunjika kwa maneno hayo, na katika mkoa ambao watu wamezoea kuona umati ukijichukulia hukumu, neno hilo linaweza kumaliza maisha ya mtu asiye na kosa.

Mwanamke ambaye mimba zake zinatoka naye hubeba mzigo wake. Ukweni husema amelogwa, au yeye ndiye mwenye kuloga. Hakuna anayefikiri kwamba damu yake pungufu, uchovu wake na mimba zake vinaweza kutoka kwenye utumbo usionyonya chakula. Si kila mwanamke wa namna hiyo ana seliaki. Wengi wana sababu nyingine. Lakini hata hizo sababu nyingine zinahitaji mtu wa kuuliza vizuri. Ugonjwa usio na jina la hospitali hupewa jina la mtaani, na jina la mtaani karibu siku zote lina mtuhumiwa.

Vita ndiyo iliyofundisha madaktari

Inafaa kukumbuka jinsi ulimwengu ulivyojua kwamba ngano ndiyo chanzo. Mwaka 1888, daktari Samuel Gee wa London aliueleza ugonjwa huu vizuri na kusema kwamba tiba yake lazima itoke kwenye chakula, ila hakujua ni chakula gani. Kwa zaidi ya miaka 50 baada yake, madaktari walijaribu hiki na kile, na watoto waliendelea kufa.

Jibu lilitoka kwa daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem-Karel Dicke. Tangu miaka ya 1930 alikuwa akiona kwamba baadhi ya watoto wake wanapona mkate ukiondolewa. Kisha vita ikaja. Katika majira ya baridi ya mwaka 1944 hadi 1945, sehemu kubwa ya Uholanzi ilikosa chakula, na mkate ukawa haba sana. Watu walikula walichokipata. Watoto wenye seliaki, katikati ya njaa hiyo, walipata nafuu. Mkate uliporudi, nao wakarudi kuumwa. Dicke aliendelea kuchunguza, na mwaka 1950 alitetea kazi yake ya udaktari kule Utrecht akionyesha kwamba ngano na rai ndizo zinazowadhuru. Hakuanza na mashine. Alianza kwa kuwauliza wazazi watoto wamekula nini, na akaandika walichomjibu.

Wapo wanaosema hilo ni jambo la Wazungu, kwamba Mwafrika hapati seliaki. Ukweli unawakanusha. Mwaka 1999, watafiti walioongozwa na Carlo Catassi wa Italia walichapisha matokeo ya vipimo vya watoto wa Sahrawi, watu wa Sahara Magharibi wanaoishi kwenye kambi za wakimbizi nchini Algeria. Kati ya watoto 990 waliopimwa, asilimia 5.6 walikuwa na seliaki. Katika nchi nyingi za dunia hesabu huwa karibu na mtu 1 kati ya 100. Wasahrawi walikuwa watu wa maziwa ya ngamia na tende, na mabadiliko yaliyowaletea mkate wa ngano kila siku yaliwakuta wakiwa na damu isiyoizoea. Karibu zaidi na Ituri, madaktari wa Sudan wameugundua ugonjwa huu kwa watoto waliokuwa wakiharisha na kudumaa.

Ituri si Sahara. Chakula chake cha zamani ni muhogo, ndizi, mtama na mahindi, na huenda seliaki ni nadra hapa kuliko kule. Lakini mtoto wa Bunia wa leo halishwi kama babu yake alivyolishwa. Anakunywa chai na mandazi, anapewa biskuti njiani, anakula makaroni siku ya sikukuu. Mji unapokua, ngano inaingia. Na ugonjwa usiotafutwa huonekana kama haupo.

Je, ni anasa kuuliza habari za seliaki wakati wa vita?

Pingamizi hili lina nguvu, na halipaswi kupitwa kando. Ituri iko chini ya utawala wa kijeshi tangu mwezi wa tano 2021. Raia wanauawa Djugu, Irumu na Mambasa. Kambi za waliohama makwao, kama ile ya Kigonze mjini Bunia, zina watu wanaokosa mlo mmoja kwa siku. Malaria, surua na kipindupindu vinaua watoto kila mwaka. Muuguzi ambaye hana paracetamol ya kutosha ataambiwaje aende akajifunze ugonjwa wa mtu mmoja kati ya mia, au hata mmoja kati ya elfu?

Jibu ni kwamba hakuna anayemwomba aache malaria. Anaombwa aongeze swali moja na kanuni moja, na vyote viwili havimnufaishi mwenye seliaki peke yake. Mtu anayeharisha kwa miezi anaweza kuwa na virusi vya ukimwi. Anaweza kuwa na kifua kikuu cha tumboni, giardia au saratani. Mtoto anayekonda huku anakula anaweza kuwa na kisukari, na kisukari cha mtoto kisipojulikana kinaua haraka kuliko seliaki. Wote hao wanapotea kwenye njia ileile: dawa juu ya dawa bila swali. Seliaki ni mfano unaoonyesha shimo, na walioanguka ndani yake ni wengi kuliko wenye seliaki.

Pia lazima isemwe kwamba upungufu wa ujuzi Ituri una historia. Hospitali ya Nyankunde, umbali mfupi kusini-magharibi mwa Bunia, ilikuwa moja ya hospitali kubwa za mashariki mwa nchi, mahali ambapo wagonjwa wa mbali waliletwa na ambapo wauguzi walifundishwa. Mwezi wa tisa 2002 ilishambuliwa. Watu wengi sana waliuawa, majengo yakaporwa, na waliobaki wakakimbilia Oicha, Bunia na kwingine. Kazi ya afya ilianza upya na imeendelea, hata mjini Bunia. Lakini ujuzi hukaa ndani ya watu, katika mwalimu na mwanafunzi wake, na watu wakitawanyika mnyororo unakatika. Kuudai ujuzi urudi ni kudai haki iliyoporwa.

Damu ilisafiri wakati wa Ebola

Kuna wanaosema vipimo vya seliaki haviwezekani hapa. Kipimo cha kwanza ni cha damu. Kinatafuta kingamwili dhidi ya transglutaminasi. Kikionyesha dalili, daktari wa tumbo hupitisha mpira wenye kamera mdomoni hadi kwenye utumbo mdogo na kuchukua vipande vidogo vya ukuta wake ili vitazamwe kwa hadubini. Kazi hiyo ya pili inahitaji mashine na mtaalamu, na mgonjwa anaweza kulazimika kusafiri mbali. Lakini ya kwanza inahitaji kichupa cha damu tu, na maabara kubwa za Kampala na Nairobi hukifanya kipimo hicho. Kichupa hakihitaji pasipoti wala nauli ya mgonjwa na mlinzi wake.

Ituri inajua kusafirisha sampuli. Wakati wa mlipuko wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 mwezi wa nane 2018 na kumalizika tarehe 25 mwezi wa sita 2020, uliokuwa na wagonjwa 3,470 na vifo 2,287 mashariki mwa nchi, sampuli zilitoka vijijini Mambasa na Mandima kwenda maabara, na majibu yakarudi. Taasisi ya INRB iliweka maabara karibu na wagonjwa, hata hapa Bunia. Makohozi ya anayeshukiwa kuwa na kifua kikuu nayo husafirishwa hadi kwenye mashine ya GeneXpert. Njia ipo, madereva wa pikipiki wapo, masanduku ya baridi yapo. Kilichokosekana ni uamuzi kwamba mgonjwa wa tumbo wa miaka mitatu naye anastahili kichupa kimoja barabarani.

Dawa iko shambani

Ajabu ya ugonjwa huu ni kwamba tiba yake ni nyepesi Ituri kuliko Ulaya. Hakuna kidonge wala sindano ya kuuponya. Mgonjwa anaacha ngano, shayiri na rai maisha yake yote, na utumbo unapona polepole. Kule Ulaya, ambako kila kitu kimejengwa juu ya mkate, mgonjwa hununua mikate ya pekee kwa bei ya juu. Bunia, sahani ya kawaida ya jioni ni salama tayari: bugali wa muhogo au wa mahindi, sombe, lengalenga, maharage, ndizi, viazi, mchele, samaki wa Ziwa Albert kutoka Tchomia, nyama, mayai. Uji wa masoso, yaani mahindi, soya na mtama, unamfaa mtoto, mradi hakuna aliyeongeza unga wa ngano ili uwe laini.

Mitego iko, na muuguzi anaweza kuieleza kwa dakika tano. Ndizi zilizokaangwa kwenye mafuta ya mandazi zimebeba ngano. Mashine iliyosaga mchanganyiko wenye ngano huacha unga wake kwenye mahindi ya mteja anayefuata. Bia ya chupa hutengenezwa kwa kimea cha shayiri. Msaada wa chakula ukija na ngano au bulgari, familia ya mgonjwa inabidi ibadilishane na jirani. Hata hostia ya Misa ni ya ngano: mwaka 2017 Vatikani ilikumbusha mapadri kwamba hostia isiyo na gluteni kabisa haikubaliki, lakini yenye gluteni kidogo sana inaruhusiwa, na asiyeiweza hiyo anaweza kupokea divai peke yake. Padri akielezwa, muumini hatalazimika kuchagua kati ya tumbo lake na meza ya Bwana.

Kwa hiyo mgonjwa wa Bunia hakosi tiba. Amekosa mtu wa kumwambia ugonjwa wake.

Kinachoweza kuanza sasa

La kwanza ni swali. Kila mgonjwa mwenye shida ya tumbo iliyopita mwezi mmoja aulizwe anakula nini tangu asubuhi hadi usiku, na jibu liandikwe kwenye karatasi yake. Mama aulizwe mtoto alianza kuharisha lini, na wakati ule alikuwa ameanza kulishwa nini. Aulizwe pia kama yuko ndugu mwenye shida kama hiyo, kwa sababu seliaki hupita kwenye ukoo: mzazi, mtoto au ndugu wa tumbo moja na mgonjwa yuko kwenye hatari kubwa kuliko watu wengine.

La pili ni kanuni ya mara tatu. Mtu aliyetibiwa mara tatu kwa tumbo lilelile bila kupona asipewe dawa ya nne kwenye kituo. Apelekwe hospitali ya rufaa na karatasi inayoeleza dawa zote alizopewa. Huko daktari aondoe kwanza ukimwi, kifua kikuu na vijidudu vya tumboni, kisha afikirie seliaki.

La tatu ni namba ya simu. Idara ya afya ya jimbo inaweza kumteua daktari mmoja tu, awe Bunia, ambaye wauguzi wakuu wote wa maeneo 36 wanajua kwamba ndiye wa kuulizwa juu ya matumbo yasiyopona. Hahitaji kuwa profesa. Anahitaji kusoma, kuwa na mawasiliano na wataalamu wa Kinshasa, Kampala au kwingine, na kushika simu. Vyuo vya wauguzi na vya madaktari vya Bunia navyo vinaweza kutoa saa mbili za somo juu ya kuharisha kwa muda mrefu, seliaki ikiwa ndani yake.

Mgonjwa mwenyewe ana kazi yake. Atunze karatasi zote za vipimo na dawa katika mfuko mmoja, na aende nazo kila anapokwenda. Aandike kwa wiki moja anachokula na jinsi tumbo linavyojibu. Na asikose kujua jambo hili: asiache mkate kabla ya kupimwa. Mtu akiacha ngano kwa miezi, kingamwili hupungua kwenye damu, na kipimo kinaweza kusema hana ugonjwa wakati anao. Apimwe kwanza, kisha aache. Anayeacha kwa kubahatisha anaweza kukosa ngano maisha yake yote bila sababu, au kuficha ugonjwa mwingine uliohitaji dawa.

Atamtambuaje daktari au muuguzi anayefaa? Asitafute yule anayejua jina la kila ugonjwa. Amtazame usoni anapomwambia kwamba dawa za mwanzo hazikusaidia. Yuko mtoa huduma ambaye, akisikia hivyo, huandika dawa kali zaidi kabla mgonjwa hajamaliza kusema. Na yuko mwingine ambaye huweka kalamu chini, huuliza tena tangu mwanzo, na huthubutu kusema: "Hili silijui vizuri, nitauliza, rudi Ijumaa." Wagonjwa wengi humkimbia huyu wa pili wakidhani hajasoma. Ndiye wa kushikwa. Mji ambao wauguzi wake wanaruhusiwa kusema hivyo bila aibu, na ambao wana mtu wa kumpigia simu wakisema hivyo, umeanza kuwatibu watu wake.

Kesho saa kumi na mbili mafuta yatakuwa motoni tena, na mandazi yatauzwa. Hakuna ubaya kwa hilo, na akina mama wanaoyauza wanalisha nyumba zao kwa kazi halali. Lakini katika foleni ya kituo cha afya, saa mbili, atakuwepo mama na mtoto aliyekonda, mwenye tumbo lililovimba, aliyekwisha kumeza kila dawa ya farmasi ya mtaa. Mkononi mwa mtoto patakuwa na kipande cha andazi alichopewa ili asilie. Muuguzi atakayemwuliza mama yake juu ya kile kipande anaweza kumrudishia mtoto huyo maisha, na swali lake halitagharimu hata franka moja.